Jongoo na Neno Mdudu: Uainishaji wa Viumbe Wenye Miguu Mingi

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika kata ya Maneromango, wilayani Kisarawe, alituandikia barua fupi kuuliza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni jepesi. Katika jaribio la sayansi, wanafunzi wa darasa lake walitakiwa kumtaja asiye mdudu miongoni mwa viumbe wanne: panzi, mende, jongoo na kipepeo. Jibu lililotarajiwa ni jongoo. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba swali halina jibu, kwani wote wanne ni wadudu; akakosa alama. Kesho yake baba yake, mkulima wa mihogo, alifika shuleni na daftari la mwanawe mkononi, akataka aelezwe ni nani aliyemtoa jongoo katika wadudu, na ni lini alipomtoa. Mwalimu alikiri katika barua yake kwamba alilijua jibu la kitabu, lakini jibu la kumpa mzazi hakuwa nalo. Aliomba sisi tunaoshughulika na istilahi tumsaidie.

Ilitokea kwamba nilikuwa na safari ya upande huo wakati wa masika, nikapita kumwona mwalimu, naye akanipeleka kwa mzee mwenyewe shambani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mtu wa lugha?"

"Ndiye mimi."

"Basi niambie, huyu ni nini?" Alinyoosha mpini wa jembe kumwonyesha jongoo mweusi, mnene kama kidole gumba, aliyekuwa akivuka njia chini ya mkorosho.

"Huyo ni jongoo, mzee."

"Na jongoo ni nini?"

Swali hilo la pili ndilo lenye mzigo, na makala haya ni jitihada ya kulijibu kwa urefu kuliko nilivyoweza siku ile njiani.

Yafaa kwanza tukubali kwamba baba wa mwanafunzi hakukosea Kiswahili. Neno mdudu, kama litumikavyo na wenye lugha, ni pana mno. Panzi na mende ni wadudu. Buibui, nge, kupe, tandu na jongoo nao huitwa wadudu bila mtu yeyote kushtuka. Hata vimelea vya maradhi visivyoonekana kwa macho huitwa wadudu au vidudu, na mgonjwa huambiwa hospitalini kuwa "ana wadudu" katika damu. Neno hili halihesabu miguu wala halichungulii viungo vya ndani. Lasema tu kwamba kiumbe ni kidogo, hutambaa au huruka, tena si mnyama wa kufugwa, si ndege wala samaki. Huo nao ni uainishaji, ingawa si wa maabara, na wenye lugha wameutumia miaka mingi bila kupotezana.

Vitabu vya sayansi, kwa upande mwingine, vimelitwaa neno hilohilo na kulipa maana finyu: kiumbe ambaye mwili wake, akikomaa, una sehemu tatu, yaani kichwa, kifua na tumbo, na ambaye kifuani ana jozi tatu za miguu. Kwa maana hiyo jongoo hawezi kuwamo. Kosa la swali la mtihani ni kwamba lilitumia neno la nyumbani kwa maana ya kitabuni bila kumwonya mtoto kuwa maana imebadilishwa.

Sasa tumjibu mzee: ni nani aliyemtoa? Anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa uainishaji wa kisasa wa wanyama ni Mswidi Carl Linnaeus, na toleo la 10 la kitabu chake, *Systema Naturae*, lililotoka mwaka 1758, ndilo linaloshikwa na wataalamu kuwa mwanzo wa majina ya kisayansi ya wanyama. Katika kitabu hicho Linnaeus alimweka jongoo ndani ya Insecta, katika kundi la wasio na mabawa, pamoja na tandu, buibui, nge na hata kaa. Kwa maneno mengine, mtaalamu mkuu wa Ulaya wa mwaka 1758 na mkulima wa Maneromango wa leo wangekubaliana bila ubishi wowote. Tena maana ya asili ya neno la Kilatini insecta ni "waliokatwakatwa," yaani viumbe wenye mwili wa pingili. Na kama kuna kiumbe aliyekatwakatwa pingili kuliko wote, bila shaka ni jongoo.

Waliomtoa ni Wafaransa. Mwanzoni mwa karne ya 19 kundi kubwa la Linnaeus lilianza kupasuliwa. Kaa na kamba walitengwa, buibui na nge wakatengwa, na mwaka 1802 Pierre André Latreille akawapa wenye miguu mingi jina lao wenyewe, Myriapoda. Baadaye jongoo na tandu nao walitenganishwa: jina Chilopoda, la tandu, ni la mwaka 1817, na jina Diplopoda, la jongoo, lilichapishwa mwaka 1844. Hivyo basi neno la kisayansi nalo lilikuwa pana, likafinywa. Tofauti ni kwamba wataalamu wa Ulaya walipolifinya neno la Kilatini waliandikiana na kuelezana kwa miaka mingi, ilhali neno letu mdudu limefinywa kimya kimya, ndani ya tafsiri.

Hapa ni lazima tusimame kidogo kwenye istilahi za madaraja, kwa kuwa bila hizo hatuwezi kumpa jongoo anwani yake. Wataalamu hupanga viumbe hai kwa ngazi, kila ngazi ikiwa ndani ya ile iliyo juu yake. Katika Kiswahili ngazi hizo zimekwisha zoeleka kwa majina haya: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Kati ya faila na ngeli huwekwa nusufaila panapohitajika. Baadhi ya istilahi hizi ni za kukopa, nyingine ni maneno yetu yaliyopewa kazi mpya. Himaya, kwa mfano, ni neno la siasa, nchi au watu walio chini ya ulinzi wa mtawala. Na ngeli walikuwa nayo wanasarufi kabla ya wanabiolojia. Mwanafunzi aliyezoea kuambiwa kwamba jongoo, majongoo kwa umbo ni ngeli ya li-/ya-, lakini kwa kuwa ni kiumbe chenye uhai twasema jongoo huyu, majongoo hawa, atashangaa kuambiwa na mwalimu wa somo la pili kwamba jongoo ana ngeli nyingine tena. Sioni hatari kubwa katika hilo, muktadha hutenganisha. Hatari ipo katika spishi na aina. Aina ni neno la kila kitu, aina ya nguo, aina ya ugonjwa, na mwandishi wa sayansi akisema "aina za majongoo" msomaji hawezi kujua kama azungumzia oda, familia au spishi. Neno spishi liachwe lifanye kazi hiyo peke yake.

Kwa hiyo anwani ya jongoo ni hii. Yumo katika himaya ya wanyama. Faila yake ni ya arithropodi, yaani wanyama wenye gamba gumu la nje na miguu yenye viungo, wakiwamo pia wadudu wa miguu sita, kaa, kamba, buibui na nge. Ndani ya faila hiyo yumo katika nusufaila ya miriapodi, ambayo ina ngeli nne. Mbili twazifahamu sote, ya majongoo na ya matandu. Mbili nyingine, pauropodi na simfili, ni za viumbe wadogo sana, wa milimita chache, waishio udongoni na chini ya majani yaliyooza. Kiswahili hakina majina yao ya kienyeji, na kwa kweli hata lugha za Ulaya hazina, isipokuwa yale yaliyotungwa na wataalamu. Hao tuwakopee bila haya.

Jambo linalomtofautisha jongoo na jamaa zake ni pingili. Pingili nyingi za jongoo zina jozi mbili za miguu kila moja, kwa kuwa kila pingili ionekanayo kwa nje ni mbili zilizoungana. Ndiyo maana ya jina Diplopoda. Pingili ya kwanza nyuma ya kichwa haina miguu kabisa, na tatu zinazofuata zina jozi moja moja. Tandu ana jozi moja kwa kila pingili, na jozi ya kwanza imegeuka kuwa makucha ya sumu. Jambo moja la tandu hunifurahisha kila mara: jozi za miguu yake huwa ni za idadi witiri, kuanzia 15 hadi 191, kwa hiyo hakuna tandu aliyekomaa mwenye miguu 100 kamili, ijapokuwa lugha kadhaa za Ulaya zimemwita "mwenye miguu mia." Jongoo naye aliitwa "mwenye miguu elfu," na kwa muda mrefu jina hilo lilikuwa la kutia chumvi tu, mpaka mwaka 2021 ulipotangazwa ugunduzi wa jongoo wa Australia Magharibi, *Eumillipes persephone*, aliyepatikana chini sana ardhini akiwa na miguu 1,306. Kiswahili hakikuingia katika hesabu hiyo, na jina letu halikuhitaji kusahihishwa.

Tofauti ya tabia ni kubwa vilevile. Tandu ni mwindaji, hula nyama na huuma kwa sumu. Jongoo hula zaidi majani na miti iliyooza, na kwa kufanya hivyo huirudishia ardhi rutuba. Haumi. Akiguswa hujikunja kama kamba iliyozungushwa, na majongoo wengi hutoa ubavuni maji yenye harufu kali ambayo hutia doa ngozi na kuwasha sana yakiingia machoni. Kwa hiyo mtoto aliyemshika anawe mikono kabla ya kujipangusa uso. Wapo pia majongoo wanaokula mimea hai. Watafiti waliochapisha matokeo yao kuanzia mwaka 2004 kutoka kaskazini mashariki ya Uganda walionyesha kuwa majongoo huharibu viazi vitamu na karanga mashambani. Mkulima ana haki ya kulalamika, ila asimchanganye jongoo na tandu.

Sasa kuna jambo ambalo mwandishi wa kitabu cha shule asipolifahamu atajenga juu ya mchanga. Watu wengi hufikiri kwamba ili kumtenga jongoo na wadudu wa miguu sita yatosha kuhesabu miguu. Haitoshi. Jongoo wa spishi nyingi anapotoka katika yai ana jozi tatu tu za miguu, yaani sita, sawasawa na panzi. Kila anapojivua gamba huongeza pingili na miguu. Mtoto mwerevu wa Maneromango atakayemkuta jongoo mchanga chini ya gogo, akahesabu sita, akamwita mdudu wa miguu sita, atakuwa amefuata kanuni kwa uaminifu na kupata jibu baya. Kwa hiyo maelezo yetu ni lazima yataje kukomaa, tena yataje sehemu tatu za mwili, wala yasitegemee miguu peke yake.

Jambo la pili ni jipya zaidi. Katika miaka ya 1970 wapo wataalamu wakubwa, miongoni mwao Mwingereza Sidnie Manton, aliyetoa kitabu chake juu ya arithropodi mwaka 1977, walioshikilia kwamba miriapodi na wadudu wa miguu sita ni ndugu wa karibu, wakiwaweka kaa na kamba mbali. Utafiti wa chembe za urithi uliofuata umeupindua mpango huo. Leo inakubaliwa kwamba wadudu wa miguu sita wamechipuka ndani ya ukoo wa kaa na kamba, na kwamba miriapodi ni tawi la pembeni. Maana yake ni kwamba panzi anahusiana zaidi na kamba wa Bagamoyo kuliko na jongoo anayepita karibu naye shambani. Nilipomweleza mzee jambo hili alicheka sana, akauliza kama siku hizi wasomi humla panzi kwa wali wa nazi. Sikuwa na jibu la kitaalamu.

Turudi kwenye jina lenyewe. Jongoo ni neno la Kibantu la kale. Waganda husema eggongolo, Washona husema zongororo, Wachewa bongololo, na Wazulu ishongololo, ambalo limeingia hata katika Kiingereza cha Afrika Kusini. Kiswahili kimedondosha sauti l iliyokuwa kati ya irabu mbili, kama kilivyofanya katika njaa, ambayo kwa Kichewa ni njala. Kwa hiyo hatuna sababu ya kukopa neno diplopodi kwa matumizi ya shule. Kundi zima laweza kuitwa ngeli ya majongoo, na wenzao ngeli ya matandu, na maana haitapotea hata chembe. Diplopodi na kilopodi yabaki kwa waandishi wa chuo kikuu wanaotaka kwenda sambamba na Kilatini.

Ila pana mtego mmoja. Watu wa pwani wana jongoo mwingine, jongoo bahari, ambaye huvuliwa, hukaushwa na kuuzwa nchi za mashariki ya mbali kuwa kitoweo. Zanzibar wapo wanaomfuga. Huyu ameitwa jongoo kwa sababu ya umbo lake refu la mviringo tu. Hana miguu yenye viungo wala gamba, na faila yake ni ile ya viti vya pweza. Mhariri anayepanga faharasa kwa alfabeti atawakuta wawili hawa wamefuatana, na naomba asiwatie katika kundi moja, kwani nimewahi kuona muswada uliofanya hivyo.

Upande wa majina ya jenasi na spishi kanuni ni moja: hayatafsiriwi wala hayabadilishwi tahajia, kwa kuwa ni ya mataifa yote. Jongoo mkubwa mweusi wa nyanda za chini, kutoka Msumbiji hadi Kenya, ambaye urefu wake waweza kupita sentimita 30, ni *Archispirostreptus gigas*, aliyeelezwa na Mjerumani Wilhelm Peters mwaka 1855. Familia yake ni Spirostreptidae, na oda yake Spirostreptida. Hizi za juu twaweza kuzifanya spirostreptida kwa herufi ndogo tukitaka, lakini jina la spishi libaki lilivyo, kwa herufi za mlazo. Nadhani huyo ndiye aliyevuka njia yetu siku ile, ingawa mtaalamu hatakubali kusema hivyo mpaka amtazame dume chini ya hadubini, kwenye pingili ya saba, ambako katika majongoo wengi miguu imegeuka kuwa viungo vya kupitishia mbegu za uzazi. Umbo la viungo hivyo ndilo hutenganisha spishi na spishi.

Limebaki neno lililoanzisha shauri hili. Njia zilizo mbele yetu ni tatu. Ya kwanza ni kuendelea kulifinya neno mdudu na kuwaambia watu milioni kadhaa kwamba hawajui lugha yao, naikataa. Ya pili ni kukopa insekta kwa ajili ya ngeli hiyo, kama tulivyokopa spishi. Kwa sekondari na chuo naiunga mkono, kwani mwanafunzi atalikuta neno hilohilo katika Kilatini na katika Kiingereza anachosomea. Kwa shule ya msingi napendekeza ya tatu: mdudu libaki pana kama lilivyo, na kundi finyu liitwe wadudu wa miguu sita, jina linalojieleza, mradi maelezo yake yataje kukomaa na sehemu tatu za mwili. Wenzangu wawili ofisini wanaona jina hilo ni refu mno. Ni refu kweli; lakini samaki wa maji baridi nalo ni refu, na hakuna aliyelalamika.

Tumemwandikia mwalimu kwamba swali lake lisomeke hivi: "Yupi kati ya viumbe hawa waliokomaa hayumo katika kundi la wadudu wa miguu sita: panzi, mende, jongoo, kipepeo?" Tumemshauri pia amrudishie mwanafunzi alama yake, kwa kuwa alilijibu swali kama lilivyoandikwa.

Kwa wasomaji tuna ombi moja. Wataalamu wamekwisha eleza spishi zipatazo 12,000 za majongoo duniani, katika oda 16, na kuanzia mwaka 2014 Henrik Enghoff wa Denmark na wenzake wamechapisha makumi ya spishi mpya kutoka milima ya Udzungwa pekee. Kwa wote hao Kiswahili sanifu kina neno jongoo tu. Tunaamini vijijini kuna majina zaidi: ya jongoo bapa mwenye mabega yaliyotokeza, ya yule mfupi ajifumbatiaye kuwa duara kama gololi, ya wale wadogo wekundu watokao kwa makundi baada ya mvua. Mwenye kuyajua atuandikie, akitaja kijiji, lugha, na umbo la kiumbe mwenyewe. Akiweza kuchora, achore na miguu ya pingili za mbele.